Bertha Benz: Mwanamke aliyelitoa gari la kwanza karakanani

KILA mwaka ifikapo Januari 29, wapenzi wa magari duniani huikumbuka siku ambayo chombo hicho kilipata cheti chake cha kuzaliwa. Ilikuwa Ijumaa ya mwaka 1886 wakati mhandisi Mjerumani Karl Benz alipowasilisha mjini Berlin ombi la hataza ya gari la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa injini ya gesi. Hataza hiyo, nambari 37435, ndiyo inayochukuliwa na wengi kuwa mwanzo rasmi wa enzi ya magari.

Hata hivyo, ipo tarehe nyingine ambayo haijazoeleka sana katika kalenda ya maadhimisho, nayo ni ya Agosti 1888. Asubuhi moja ya mwezi huo, mwanamke wa umri wa miaka 39, mama wa watoto wanne, alilitoa gari hilo karakanani mume wake akiwa bado usingizini, akawapakia wanawe wawili wa kiume, kisha akashika njia kuelekea mji alikozaliwa, umbali wa zaidi ya kilomita 100.

Mwanamke huyo alikuwa Bertha Benz, mke wa Karl. Kabla ya safari yake, gari lilikuwa kioja cha kutazamwa na kuchekwa mitaani. Baada yake, lilikuwa chombo cha usafiri. Pamoja na hayo, jina lake halimo katika hataza ile, wala halikuwahi kuandikwa miongoni mwa wamiliki wa kampuni iliyojengwa juu ya msingi wa fedha zake. Maisha yake ya miaka 95 ni kisa cha mtu aliyetoa kila alichokuwa nacho kwa ajili ya uvumbuzi ambao sheria na desturi za zama zake hazikumruhusu kuuita wake.

Binti wa fundi ujenzi

Cäcilie Bertha Ringer alizaliwa Mei 3, 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo. Wakati huo Ujerumani haikuwa imeungana kuwa taifa moja, na Pforzheim ulikuwa chini ya utawala wa Baden. Mwezi huo aliozaliwa, Baden yote ilikuwa imetumbukia katika mapinduzi ambayo baadaye yalizimwa na majeshi ya Prussia.

Baba yake, Karl Friedrich Ringer, alikuwa fundi ujenzi aliyejitahidi hadi akawa mtu wa kujiweza. Inasimuliwa kwamba Bertha alipozaliwa, baba huyo aliandika katika Biblia ya familia maneno ya kusikitika kuwa amepata tena mtoto wa kike. Inasemekana pia kwamba binti huyo aliyaona maandishi hayo alipokuwa mdogo, na kwamba yalimchoma moyo, akakusudia kuonyesha kuwa msichana naye anaweza kutenda makubwa.

Shuleni, Bertha alivutiwa mno na masomo ya sayansi ya maumbile na mitambo. Lakini mlango wa elimu ya juu ulikuwa umefungwa kwa wanawake. Baden, ambayo ilitangulia majimbo mengine yote ya Ujerumani katika jambo hilo, iliwaruhusu wanawake kusomea shahada katika vyuo vikuu vyake mwaka 1900, Bertha akiwa tayari amegonga umri wa miaka 50.

Mnamo 1869, katika matembezi ya chama kimoja cha burudani, Bertha alikutana na kijana mhandisi aliyeitwa Karl Benz. Karl alikuwa mwana wa dereva wa garimoshi aliyefariki mtoto huyo akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Mama yake alihangaika kumsomesha hadi akahitimu katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe mwaka 1864. Hakuwa na mali wala jina, ila alikuwa na ndoto ya kuunda kigari kitakachojiendesha bila farasi. Wengi waliiona ndoto hiyo kuwa ya kipuuzi, lakini Bertha aliiamini.

Mali ya bibi harusi

Mwaka 1871, mwaka uleule ambao Ujerumani iliungana kuwa dola moja, Karl alifungua karakana mjini Mannheim kwa ushirikiano na fundi mmoja, August Ritter. Ushirikiano huo uliingia dosari mapema. Ritter hakuwa mshirika wa kutegemewa, na karakana ikawa karibu kufungwa kabla hata haijasimama.

Katika Ulaya ya wakati huo, tofauti na ilivyo Afrika Mashariki ambako mahari hutolewa na upande wa mume, baba ndiye aliyempa binti yake mali ya kwenda nayo kwa mumewe. Bertha aliamua kutosubiri siku ya harusi. Alimwomba baba yake ampe fungu lake mapema, akalitumia kumlipa Ritter sehemu yake ili Karl abaki mmiliki wa pekee wa karakana. Kwa maneno mengine, alikuwa mwekezaji wa kwanza wa Karl Benz kabla hajawa mke wake.

Wawili hao walifunga pingu za maisha Julai 20, 1872. Siku hiyo Bertha alipata mume, lakini kwa upande mwingine alipoteza mamlaka juu ya fedha zake. Sheria za zama hizo zilimweka mke chini ya mume katika masuala ya mali na biashara. Alipokuwa mchumba aliweza kuziweka fedha zake popote alipotaka. Alipokuwa mke, kila kilichotokana na fedha hizo kilihesabiwa kuwa cha mumewe.

Ndoa yao ilijaliwa watoto watano. Eugen alizaliwa 1873, Richard 1874, Clara 1877, Thilde 1882 na kitinda mimba, Ellen, mwaka 1890.

Miaka ya dhiki

Mwaka aliozaliwa Eugen ndio ulioshuhudia kuporomoka kwa masoko ya hisa ya Vienna na New York, na uchumi wa Ulaya ukaingia katika mdororo wa miaka mingi. Biashara ya Karl ya kutengeneza zana za ujenzi na vifaa vya chuma haikuweza kuhimili mawimbi hayo. Kufikia 1877, madeni yalikuwa yamewaelemea kiasi cha mitambo ya karakana kutwaliwa na wadai.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Badala ya kumshinikiza mumewe aache ndoto na kutafuta kazi ya mshahara, Bertha alimhimiza aendelee. Karl aliona kwamba njia ya kujikwamua ilikuwa ni kuunda injini ya gesi ya kuuza viwandani. Kikwazo kilikuwa kwamba injini ya mipigo minne iliyobuniwa na Nikolaus Otto wa Cologne mwaka 1876 ilikuwa imelindwa na hataza. Kwa hivyo Karl alilazimika kutafuta njia yake mwenyewe kwa injini ya mipigo miwili.

Majaribio yalifeli mara baada ya mara. Usiku wa Desemba 31, 1879, nyumba ikiwa haina cha kusherehekea, Bertha alimshawishi mumewe warudi karakanani baada ya chakula cha jioni wajaribu bahati yao kwa mara nyingine. Injini iliwaka, na safari hii haikuzima. Walisimama wakiusikiliza mlio wake kwa muda mrefu, na kengele za makanisa ya Mannheim zilipolia kuukaribisha mwaka mpya wa 1880, ziliwakuta hapo.

Mafanikio hayo yaliwaleta wawekezaji. Kampuni ya kwanza iliyoundwa kwa mtaji wao, mwaka 1882, ilimfanya Karl kuwa kama kibarua katika kiwanda chake mwenyewe, naye akajiondoa mwaka uliofuata. Oktoba 1883 alianzisha kampuni ya Benz & Cie pamoja na wafanyabiashara Max Rose na Friedrich Wilhelm Esslinger. Injini za kusimama mahali pamoja ziliuzwa vizuri, na faida yake ikampa Karl nafasi ya kurudia ndoto yake ya zamani.

Gari lisilo na mnunuzi

Gari alilolijaribu mwaka 1885 na kuliombea hataza Januari mwaka uliofuata lilikuwa na magurudumu matatu na fremu ya mabomba ya chuma. Injini yake ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 954 za mraba wa tatu, ilitoa nguvu zisizofikia hata ya farasi mmoja, na kasi yake ya juu ilikuwa kama kilomita 16 kwa saa. Bahati nayo ilianza kumgeukia: siku moja tu baada ya kuwasilisha ombi lake, mnamo Januari 30, 1886, mahakama kuu ya Ujerumani ilibatilisha hataza ya Otto, na injini ya mipigo minne ikawa huru kutumiwa na kila mtu.

Julai 3, 1886, Karl aliliendesha gari hilo hadharani katika barabara ya Ringstrasse mjini Mannheim. Kijana wake Eugen alikimbia kando akiwa na chupa ya mafuta mkononi, tayari kuongeza pindi yatakapopungua.

Magazeti yaliandika, watu wakatazama, lakini wanunuzi hawakuonekana. Farasi walishtuka kwa mlio wa gari, na wapita njia walicheka kila lilipokwama. Washirika wa Karl katika kampuni walikuwa na wasiwasi kwamba fedha zilizochumwa kwa injini za viwandani zilikuwa zikimwagwa katika mchezo. Wakati huohuo, mjini Cannstatt, Gottlieb Daimler na msaidizi wake Wilhelm Maybach walikuwa wameunda gari lao la magurudumu manne katika mwaka huohuo wa 1886. Mji huo haukuwa mbali sana na Mannheim, lakini inaaminika kwamba Benz na Daimler hawakuwahi kukutana ana kwa ana.

Tabia ya Karl nayo ilichangia. Alikuwa fundi asiyeridhika, ambaye kila akimaliza kurekebisha sehemu moja aliona kasoro katika nyingine. Hakuwa mtu wa kupiga debe. Gari lilihitaji mtu wa kulitoa katika mitaa ya jirani na kulipeleka mbali, mbele ya macho ya watu wasiomjua mwenyewe, ili lithibitishe au lishindwe. Mtu huyo aliishi naye chini ya paa moja.

Safari ya Agosti

Mengi yanayojulikana kuhusu safari hiyo yametokana na kumbukumbu za familia, hususan kitabu cha maisha yake ambacho Karl alikichapisha mwaka 1925. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Eugen alikuwa na umri wa miaka 15 na Richard alikuwa akikaribia 14. Bertha aliacha ujumbe kwamba wanakwenda Pforzheim kumwona nyanya ya watoto hao, kisha watatu hao wakalisukuma gari hadi mbali kidogo na nyumba kabla ya kuliwasha, mlio wake usije ukamwamsha Karl.

Hakukuwa na barabara za lami, alama za njia, wala ramani za madereva. Zilikuwepo njia za magari ya farasi, zenye vumbi na mikwaruzo ya magurudumu. Umbali wa kutoka Mannheim hadi Pforzheim, ambao unazidi ule wa Nairobi hadi Naivasha, haukuwa umewahi kujaribiwa na gari lolote la injini. Magari yote yaliyokuwapo hadi wakati huo yalikuwa yakizunguka kilomita chache tu na kurejea yalikoanzia, huku mafundi wakiwa karibu.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Injini ilipozwa kwa maji yaliyogeuka mvuke na kupotea hewani, hivyo ilibidi wasimame mara kwa mara kuyateka visimani, katika mikahawa ya njiani, na hata mitaroni.

Tatizo la pili lilikuwa mafuta. Gari halikuwa na tangi la kutosha safari ndefu, na dunia haikuwa na kituo cha petroli hata kimoja. Injini ilitumia ligroini, aina ya mafuta mepesi ambayo watu waliyanunua kwa vichupa katika maduka ya dawa ili kuondolea madoa ya nguo. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch, kusini mwa Heidelberg, Bertha aliingia katika duka la dawa na kununua akiba yote iliyokuwapo. Duka hilo hujivunia hadi leo kuitwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na mbele yake pamesimamishwa sanamu ya ukumbusho.

Bomba la mafuta lilipoziba, Bertha alichomoa pini ndefu ya kofia yake na kulizibua. Waya wa kiwashio ulipochubuka na kuanza kupoteza umeme, aliuzungushia ukanda wa mpira uliokuwa ukizuia soksi yake. Mnyororo uliozungusha magurudumu ulipolegea, mhunzi wa Bruchsal aliukaza.

Milima ilikuwa mtihani mwingine. Gari lilikuwa na gia mbili tu, na hakuna kati yake iliyoweza kulipandisha mlima mkali. Kila walipofika penye mwinuko, walishuka na kusukuma, mmoja wao akibaki kwenye usukani. Kuteremka nako kulikuwa na hatari yake. Breki zilikuwa vipande vya mbao vilivyoligandamiza gurudumu, navyo vililika haraka. Bertha alimwendea fundi viatu katika kijiji cha Bauschlott akamwagiza avipigilie vipande vya ngozi. Hiyo ndiyo asili ya kile ambacho mafundi wa kila karakana hukibadilisha leo bila kujua kilianza vipi: utando wa breki.

Giza lilikuwa limeingia walipowasili Pforzheim, wamechoka na wamejaa vumbi. Bertha alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Siku kadhaa baadaye walirejea Mannheim kwa kutumia gari lilelile, wakipitia njia nyingine.

Mwaka wa mageuzi

Mwaka huo wa 1888 haukuwa wa kawaida katika historia ya Ujerumani. Wafalme watatu walikalia kiti kimoja: Wilhelm wa Kwanza alifariki Machi, mwanawe Friedrich akafuata Juni baada ya kutawala kwa takriban miezi mitatu tu, na mjukuu Wilhelm wa Pili akatwaa taji.

Mbali na huko, katika pwani ya Afrika Mashariki, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka huohuo kuishika miji iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Hatua hiyo iliwasha moto wa vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim. Magazeti ya Ulaya yalikuwa na habari nzito za kuandika kuhusu falme na makoloni. Mwanamke na watoto wawili juu ya kigari cha magurudumu matatu hawakuonekana kuwa habari ya kulinganishwa na hizo.

Lakini matokeo ya safari yalijitokeza upesi. Bertha hakurudi na masimulizi tu, bali na orodha ya kasoro zilizogunduliwa barabarani. Karl aliongeza gia ya kupandia milima na kuziboresha breki. Mwezi uliofuata, Septemba 1888, gari lilionyeshwa katika maonyesho ya mitambo mjini Munich na kutunukiwa nishani ya dhahabu. Huko lilipita katika barabara za jiji mbele ya halaiki ya watu, safari hii likiongozwa na Karl mwenyewe.

Wanunuzi walianza kujitokeza, kwanza Ufaransa, ambako Emile Roger wa Paris alikuwa wakala. Mwaka 1894 lilitokea gari dogo na la bei nafuu zaidi lililoitwa Velo, ambalo lilitengenezwa kwa mamia. Kufikia 1899, Benz & Cie iliunda magari 572 katika mwaka mmoja, idadi iliyoifanya kuwa kampuni kubwa zaidi ya magari duniani.

Kupanda na kushuka

Ufanisi huo haukudumu bila mitihani. Mwaka 1903, Karl alijiuzulu uongozi wa kampuni yenye jina lake, kufuatia mvutano kuhusu mwelekeo wa miundo mipya ya magari. Familia ilihamia Ladenburg, mji mdogo wa kale karibu na Mannheim. Huko, mwaka 1906, Karl na mwanawe Eugen walianzisha kampuni ya familia, C. Benz Söhne, ambayo iliunda takriban magari 350 tu katika uhai wake.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika mwaka 1918, Ujerumani iliyoshindwa ilimwondoa mfalme wake na kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Walipoitumia haki hiyo kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa, Januari 1919, Bertha alikuwa na umri wa miaka 69. Miaka michache baadaye, mfumuko wa bei wa 1923 uliigeuza fedha ya Ujerumani kuwa makaratasi, na akiba ya familia nyingi, ikiwemo ya akina Benz, ikayeyuka.

Juni 1926, Benz & Cie na kampuni iliyoasisiwa na Daimler ziliungana kuwa Daimler-Benz, na magari yao yakaitwa Mercedes-Benz. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ilitokana na binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyekuwa akiuza magari ya Daimler. Hivyo jina la mwanamke lilikaa mbele ya magari hayo, lakini halikuwa la yule aliyelisukuma gari mlimani.

Karl alifariki Aprili 4, 1929 akiwa na umri wa miaka 84. Siku chache kabla ya hapo, msafara mrefu wa magari ulifika Ladenburg kumpa heshima. Katika kitabu chake, mzee huyo alikuwa amekiri kwamba katika miaka ya misukosuko, wakati kila mtu alipomtoroka, ni mkewe pekee aliyebaki naye bila kuyumba. Ushuhuda huo ulikuwa wa kweli, lakini ulimweleza Bertha kama msaidizi. Hata simulizi la safari ya 1888 katika kitabu hicho linawapa wavulana sehemu kubwa ya sifa.

Wabenzi

Katika Afrika Mashariki, jina la Benz lilipata maana ambayo Bertha hangeweza kuiwaza. Baada ya nchi za eneo hili kujinyakulia uhuru katika miaka ya 1960, wananchi waliwaona baadhi ya viongozi na matajiri wapya wakipita kwa magari ya Mercedes-Benz huku wengi wakiendelea kutembea kwa miguu. Wakabuni neno Wabenzi, kwa mfano wa majina ya makabila, kuwataja watu wa tabaka hilo wasiounganishwa na lugha wala ukoo bali na gari wanalopanda.

Neno hilo lilikuwa na kejeli kali, na bado hutumiwa mara kwa mara katika mijadala ya ufisadi na pengo kati ya walionacho na wasionacho. Lakini ukitazamwa mwanzo wa jina lenyewe, kejeli huongezeka. Mbenzi wa kwanza kwenda safari ndefu hakuwa na dereva, king'ora wala kiti cha ngozi. Alikuwa amekwishatoa mali yake yote, akashuhudia vifaa vya karakana vikitwaliwa kwa madeni, na gari lake lilipokataa kupanda mlima alishuka akalisukuma kwa mikono yake.

Heshima iliyochelewa

Bertha aliishi kwa miaka 15 baada ya kifo cha mumewe, bado akikaa katika nyumba yao ya Ladenburg. Mwaka 1933, mji wa Mannheim ulizindua mnara wa kumbukumbu ya Karl. Ulikuwa mwaka ambao Wanazi walichukua madaraka Ujerumani. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, viwanda vya Daimler-Benz viligeuzwa kuwa vya kuunda zana za kijeshi na vilitumia maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, doa ambalo kampuni hiyo ilikuja kulikubali miongo kadhaa baadaye. Mannheim, mji ambao gari lilizaliwa, uliharibiwa vibaya na mabomu.

Karl alikuwa ametunukiwa udaktari wa heshima na chuo cha ufundi cha Karlsruhe mwaka 1914, alipotimiza miaka 70. Bertha alingoja miaka mingine 30. Mei 3, 1944, siku alipotimiza miaka 95, chuo hichohicho kilimtunuku cheo cha seneta wa heshima. Siku mbili baadaye, Mei 5, 1944, aliaga dunia nyumbani kwake.

Katika kipindi cha karne hii, juhudi za kumrejeshea haki yake zimeongezeka. Mwaka 2008, miaka 120 baada ya safari, njia aliyoipita kwenda na kurudi ilitambuliwa rasmi kuwa njia ya ukumbusho yenye jina lake, yenye urefu wa kilomita 194. Mwaka 2011, hataza ya 1886 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu muhimu za dunia. Mnamo 2016, jina la Bertha liliingizwa katika jumba la mashujaa wa sekta ya magari nchini Marekani, ambamo mumewe alikuwa ameingizwa tangu 1984.

Hayo hayampunguzii Karl Benz chochote. Mitambo ilikuwa yake, na usiku wa miaka mingi wa kuikuna kichwa ulikuwa wake. Lakini uvumbuzi huhitaji zaidi ya mvumbuzi. Huhitaji mtu wa kuugharamia wakati hakuna benki inayousikiliza, mtu wa kuutia moyo unapofeli, na mtu wa kuujaribu mbele ya watu unapokamilika. Katika kisa cha gari, kazi hizo tatu zilifanywa na mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo, kila Januari 29 inapoadhimishwa kama siku ya kuzaliwa kwa gari, ni haki Agosti nayo ipewe nafasi yake. Ya kwanza ni siku ambayo gari liliandikwa katika karatasi za serikali. Ya pili ni siku ambayo mama mmoja alilithibitisha barabarani, kwa pini ya kofia, ukanda wa soksi na mafuta ya kuondolea madoa.